Mkate wa Wishwa: Tumbuizo za Mahaba za Liyongo na Suala la Fasihi Inayodharauliwa

Uhakiki wa tungo zinazonasibishwa na Fumo Liyongo umeelemea upande mmoja kwa muda mrefu. Tangu Steere alipochapisha hadithi na mashairi ya Liyongo mwaka 1870, na hasa baada ya Muhammad Kijumwa wa Lamu kutunga Utendi wa Fumo Liyongo mwaka 1913, kinachojadiliwa ni ushujaa: nguvu za mwili, usaliti wa mwana, kifo cha kuchomwa shaba kitovuni. Tumbuizo za mahaba, hususan Utumbuizo wa Mwana Manga, hupewa aya moja tu, kisha mhakiki akaendelea na safari yake. Makala haya yanadai kwamba mgawanyo huo ni wa wahakiki wala si wa tungo zenyewe, na kwamba utendi umetuachia njia ya kuusahihisha.

Tuanze na tukio linalofahamika na kila mwanafunzi. Liyongo yumo kifungoni Pate. Mjakazi Saada humletea chakula kutoka kwa mamake, na walinzi hukila kilicho kizuri. Liyongo anatunga wimbo, Saada anaupeleka: mama na aoke mkate wa wishwa, ndani atie tupa. Walinzi wanauona mkate ule, wanaudharau, wanamwachia mfungwa. Kisha gungu linapochezwa, mvumo wa ngoma na pembe unaifunika sauti ya tupa ikikereza pingu. Tukio hili limesomwa kama werevu wa shujaa. Ndivyo lilivyo, lakini yumkini ni nadharia ya fasihi pia. Wimbo wa burudani unabeba maagizo, chakula cha makapi kinabeba chuma, na ngoma ya starehe inaficha kazi. Ajabu ni kwamba sisi wahakiki tumefuata nyayo za walinzi: tumejitwalia mkate wa ngano, yaani utendi, na wishwa tumemwachia mwenyewe.

Utumbuizo wa Mwana Manga humsifu bibi kiungo baada ya kiungo. Wako wanaouona mpangilio huo kuwa udhaifu wa fani, kwamba ni orodha tu. Sikubaliani nao. Orodha ni sharti la utanzu, na sharti ndilo linalompa mtunzi nafasi. Hadhira ya gungu inakijua kiungo kitakachofuata. Isichokijua ni kitafananishwa na nini. Mtunzi akishalipa deni la orodha, ndani ya ulinganishi wake anaweza kuingiza atakalo: fahari ya mji, ufundi, majivuno, hata kejeli. Ashiki ndiyo kodi ya mlangoni.

Hali hii si ya pwani yetu pekee. Huko Japani, tangu mwaka 1962, kumekuwa na sinema ziitwazo pinku eiga, yaani filamu za waridi: kazi za gharama ndogo, zenye urefu wa takriban saa moja, zilizotengenezwa kwa ajili ya kumbi maalumu. Mwongozaji alitakiwa kuonyesha mapenzi ya kimwili mara kwa mara. Akishatimiza hilo, mengine aliachiwa. Mfano mashuhuri wa miaka ya mwanzo ya 2000 ni filamu ya Mitsuru Meike ya mwaka 2003, iliyorefushwa baadaye na kujulikana ng'ambo kama The Glamorous Life of Sachiko Hanai. Mwanamke mwuza mwili anapigwa risasi kichwani, akili zake zinapanuka ajabu, naye anajikuta na kidole cha nakala ya George W. Bush ambacho chaweza kuiangamiza dunia. Mwaka huohuo Marekani iliivamia Iraki. Mtazamaji wa ukumbini alilipia miili. Tupa alipewa bure. Walioifanya filamu hiyo ipendwe na kundi la wafuasi nje ya Japani waliipendea tupa hiyo.

Hata hivyo, ulinganishi huu usivutwe mno. Mtazamaji wa pinku hukaa gizani, hajulikani. Mwimbaji wa gungu husimama mbele ya jamaa na majirani, na neno lake hupimwa papo hapo. Aidha, Sachiko ndiye mhusika mkuu wa filamu yake, ilhali Mwana Manga husifiwa tu. Saada naye, ambaye angeadhibiwa lau wimbo ule ungefichuka, hakupewa utumbuizo wa kumsifu. Hili ni pengo ambalo uhakiki wa Liyongo haujalishughulikia ipasavyo.

Kuhusu urithi, jopo la wataalamu lililochapisha tungo hizi mwaka 2004 lilikuwa na hadhari: liliziita tungo zinazonasibishwa na Liyongo. Dai langu ni kwamba kunasibisha huko ni kitendo cha kifasihi. Wimbo wa mahaba usio na mwenyewe hukaripiwa au hupotea. Ukiwekwa chini ya jina la Fumo, huheshimiwa. Shujaa amekuwa paa la nyimbo ambazo huenda hakuzitunga.

Na je, ashiki iko nje ya utendi? Kwa mujibu wa Kijumwa, mkasa unachochewa na Wagala (jina la kale ambalo Waorma wa leo hawalipendi) wanaotaka mbegu ya jabari huyu. Anaozwa mke wa kwao, anapatikana mwana, na mwana huyo anahongwa kwa ahadi ya kumwoa binti wa sultani ndipo amuue babake. Ukiiondoa tamaa ya mwili, hakuna utendi. Jambo hili lina uzito katika Tana River, ambako kaburi la Liyongo huonyeshwa Ozi, karibu na Kipini, katika eneo bunge la Garsen, na ambako Waorma na Wapokomo waliuana mwaka 2012 na 2013. Msomaji anayeanza na usaliti hukutana na mwana wa mgeni aliyemuua babake. Anayeanza na ndoa hukutana na watu wa mto waliotaka kuzaliana. Wanafunzi wetu hupelekwa Ozi kuona kaburi. Ni wachache wanaoulizwa wanawake wa hapo huimba nini arusini.