Wahusika Wanaohama na Kumbukumbu Zao: Tazamo la Riwaya za Anthony Trollope

Katika tawasifu yake, iliyotolewa mwaka 1883 yeye akiwa amekwisha kufariki, mwandishi Mwingereza Anthony Trollope asimulia kisa kinachotuhusu sisi watu wa kanzu. Asubuhi moja alikuwa ameketi katika klabu ya Athenaeum, London, akiandika. Makasisi wawili wakaja wakaketi karibu na moto, kila mmoja na jarida mkononi, wakaanza kuzichambua riwaya zake bila kujua kwamba mwenyewe yupo. Lalamiko lao lilikuwa moja: mtu huyu haachi kuturudishia watu wale wale. Mmoja alikuwa amechoshwa na arkidikoni, mwingine na yule Duke mzee, kisha wakamfikia Bibi Proudie, mke wa askofu. Trollope akainuka, akajitambulisha, akaahidi kwamba atakwenda nyumbani kumwua Bibi Proudie kabla ya juma kwisha. Akatimiza ahadi. Katika The Last Chronicle of Barset (1867) mama yule aliyeitawala dayosisi kwa ulimi wake afa ghafula kwa ugonjwa wa moyo, na askofu, mumewe, amwomba Mungu amwepushe na kuifurahia mauti ya mkewe.

Ukurasa wa sala hiyo ni miongoni mwa kurasa bora alizopata kuandika Trollope, na mtu aweza kudai kwamba makasisi wale, kwa ukali wao, waliifanyia fasihi hisani. Sisi twaona kinyume chake. Sala ya askofu yatuchoma kwa sababu tumekaa na nyumba ile tangu Barchester Towers (1857). Tumemwona mume akinyamazishwa mbele ya wageni, tumemcheka, na sasa kicheko chetu chatugeukia. Laiti mwandishi angalifuata shauri la kubuni watu wapya kila mara, sala hiyo isingalikuwa na uzito wowote. Yeye mwenyewe akiri kwamba nyakati nyingine alijutia kitendo kile.

Swali tunalotaka kulijadili ni hili: mhusika anapotoka katika mfululizo mmoja wa riwaya akaingia katika mwingine, ni nini kinachovuka pamoja naye? Mara nyingi huvuka jina tu. Sungura wa ngano zetu huingia katika kila hadithi akiwa hana deni. Ulaghai wa jana usiku hakuna mnyama anayeukumbuka, na ndiyo maana Fisi hudanganywa tena. Hatumlaumu Sungura, kwa kuwa ngano yahitaji ujanja wake na haina haja na maisha yake. Lakini Trollope alijaribu jambo jingine. Alikuwa na mifululizo miwili mikubwa: riwaya sita za wilaya ya kubuni ya Barset, kuanzia The Warden (1855), ambamo makasisi ndio wengi, na riwaya sita za siasa za Bunge la Uingereza, zinazomhusu Plantagenet Palliser na mkewe Glencora, zilizofikia mwisho wake mwaka 1880. Kati ya mifululizo hiyo watu walivuka, na walivuka na maisha yao.

Daraja lenyewe, kwa ajabu, lapitia nyumbani kwa kasisi. Katika The Small House at Allington (1864), riwaya ya tano ya Barset, aingia kijana mkavu wa maneno, mpenda hesabu za serikali: ndiye Plantagenet Palliser, mtoto wa ndugu yake Duke wa Omnium na mrithi wake. Watu waanza kumnong'ona juu ya Griselda, binti wa Arkidikoni Grantly, ambaye wakati huo ni mke wa Lord Dumbello. Wakili wa Duke amwonya kijana kwamba mapato yake yatakatwa. Naye, ambaye hata hakuwa amefikiria mapenzi, aanza kuyafikiria kwa sababu amekatazwa! (Mtume Paulo angalimwelewa mara moja.) Mwishowe amwita mwanamke yule kwa jina lake la ubatizo, naye amjibu kwa adabu ya barafu, akiulizia gari lake. Mama yake Griselda alikuwa amemwandikia barua ya kumwonya, na binti akamkabidhi mumewe barua hiyo. Basi, jambo likaisha, na kijana akaozwa Glencora, msichana tajiri, kwa mipango ya wakubwa wa pande zote mbili.

Sasa tufungue Can You Forgive Her?, iliyoanza kutolewa kwa sehemu mwaka huo huo wa 1864. Glencora hampendi mumewe. Ampenda Burgo Fitzgerald, kijana mzuri wa sura aliyefilisika. Usiku mmoja acheza naye dansi mbele ya macho ya watu, na nusura atoroke naye. Asubuhi amweleza mumewe wazi mambo yalivyo moyoni mwake. Mume hamkemei. Asema kwamba watasafiri pamoja nje ya nchi. Nao wakiwa katika mazungumzo hayo, afika mwanasiasa mkubwa kumletea Palliser kile alichokitamani miaka yote, yaani uwaziri wa fedha. Palliser akataa.

Msomaji aliyeanzia katika kitabu hiki aona mume mwema anayesamehe. Msomaji aliyetoka Barset aona zaidi. Aona mtu ambaye naye alipata kuubisha mlango wa nyumba ya mwenzake, akaokolewa na ubaridi wa binti wa kasisi, wala si na dhamiri yake. Je, msamaha wake wapungua thamani kwa sababu hiyo? Kwa maoni yetu waongezeka, maana si tena msamaha wa mtu aliye juu akimwinamia aliye chini. Na tuangalie kwamba maarifa haya yamo kwa msomaji kwa sababu alikumbuka. Mwandishi amemfanya kuwa shahidi. Trollope mwenyewe hakuwa na tumaini kubwa juu ya jambo hili. Katika tawasifu auliza ni nani atakayezisoma riwaya hizi kwa mfuatano wake, na ni nani hata atakayejua kwamba zapasa kusomwa hivyo.

Hapa mhubiri ana la kujifunza. Mimbarani sisi humwita mhusika mara moja, akafanya kazi ya mfano wetu, kisha tukamfukuza. Mlevi wa hadithi yetu hubaki mlevi daima.

Duke mzee, yule aliyewachosha makasisi, ni habari ya namna nyingine. Katika Doctor Thorne (1858) awaalika wageni katika ngome yake na karibu asiseme nao neno. Katika Framley Parsonage (1861) mwaliko wa kwenda kwake ni sehemu ya tamaa inayomwingiza kasisi kijana, Mark Robarts, katika madeni ya kumdhamini rafiki mbaya. Kwa mtazamo wa Barset, Duke ni uovu unaokaa mbali, juu ya kilima. Katika Phineas Redux (1874) twamkuta kitandani, anakufa, na Madame Goesler, mjane ambaye Duke aliwahi kumposa akakataliwa, ndiye aliye kando yake. Hakutubu kwa namna tunayoweza kuiandika katika kitabu cha usharika. Hakubadilika sana. Kilichobadilika ni kwamba sasa tumesogezwa karibu, na kwa karibu aonekana mzee mwoga anayetaka mkono wa kushika.

Hata hivyo tuna lawama moja, nayo si ndogo. Wakubwa walivuka; makasisi waliachwa. Katika Phineas Redux hiyo hiyo, Bunge zima latikisika kwa hoja ya kutenganisha Kanisa la Uingereza na Dola, hoja iliyozushwa na waziri mkuu Daubeny ili abaki madarakani, naye aitangaza kwanza kwa wapiga kura wake wa Barset Mashariki. Barset! Arkidikoni Grantly twamjua. Barchester Towers yaanza naye akiwa kando ya kitanda cha baba yake, askofu anayekufa, akihesabu saa: je, mzee atatangulia kufa, ili mwanawe ateuliwe, au serikali itatangulia kuanguka? Kisha apiga magoti kuomba asamehewe wazo hilo. Hakuna mtu katika riwaya zote kumi na mbili aliyejua kuliko yeye jinsi kiti cha askofu kilivyofungamana na kura za Bunge. Siasa zimekuja kuamua mambo ya Kanisa lake katika wilaya yake mwenyewe, na mwandishi hakumpa hata ukurasa mmoja wa kusema.