Saa ya mbao, bei ya jina

Kuna wanachama wanaotaka tutoe dola 600 katika kasha letu tununue saa ya zamani inayouzwa hapa Nyangwe, eti ilikuwa ya Tippu Tip. Kasha hilo ndilo linalolipa minerval ya wadogo zetu. Basi nilienda kuiangalia mwenyewe.

Nianze na uzuri wake, maana iko nao. Ndani magurudumu ni ya mbao, meno yamekatwa kwa ustadi. Karatasi ya kiwanda bado imebandikwa kwa ndani: Connecticut, Marekani. Huko Eli Terry alipata haki ya uvumbuzi wa saa ya rafu mwaka 1816, zikatengenezwa nyingi sana, mpaka kwenye miaka ya 1840 shaba ikachukua nafasi ya mbao. Kwa hiyo ni ya zamani kweli, lakini si adimu.

Sasa kasoro. Vyuma viwili vya uzito vinavyoivuta havipo; bila hivyo haitembei. Gurudumu moja limepoteza meno mawili. Kioo cha mlango ni cha juzi.

Na Tippu Tip? Waamerika walifanya mkataba wa biashara na Sultani wa Zanzibar mwaka 1833, wakaleta kitambaa cha merikani, na saa pia zilifika huko. Njia ipo, ila njia si ushahidi. Yeye alijiweka Kasongo katika miaka ya 1870, wakati saa za mbao zilikuwa zimeshapitwa. Tena mbao huvimba kwa unyevu. Miezi ya msafara kutoka pwani ingeacha alama. Hizi mbao zimenyooka. Hakuna barua, hakuna jina lililoandikwa.

Nilimwambia muuzaji hayo kwa heshima. Akacheka: “Mtoto wangu, watu hawanunui mbao, wananunua jina.”

Hapo ndipo ninapokataa. Tarehe 15 Julai 1871, watu wa wafanyabiashara wa pembe na watumwa walipiga risasi soko letu hili, Livingstone akiona kwa macho yake. Majina ya mabwana wa biashara ile kwetu si pambo la kupandisha bei.

Kama mbao, ningetoa dola 100. Anayeipenda atoe mfukoni mwake. Kasha tuliachie wanafunzi.