Pikapu ya Garissa Huuawa na Joto

Vifaa vya pikapu huuzwa kwa macho. Tairi lenye meno makubwa, rimu nyeusi iliyotokeza nje ya bodi, gari lililoinuliwa mpaka abiria apande kwa kujivuta: mnunuzi huviona hivyo na kuamini hapo ndipo penye nguvu. Kwa mtu wa Mau huenda hesabu hiyo ikakubalika, maana huko adui ni tope. Kuanzia Garissa kwenda juu, Modogashe, Wajir, El Wak hadi Mandera, adui mkubwa ni joto. Mji wa Garissa uko mita 150 hivi tu juu ya usawa wa bahari, na mchana wa Februari au Machi nyuzi 35 hupitwa bila taabu. Changarawe na lami huwa za moto kuliko hewa yenyewe. Tairi na shokomzoba hufanya kazi kwa kubonyezwa na kurudi, na kila mbonyeo huzaa joto. Basi kabla ya kuuliza kifaa kinapendeza vipi, uliza kinazalisha joto kiasi gani na kinalitoa kwa njia gani.

Anza na tairi, kwa kuwa ndilo hufa kwanza. Mzigo wa gari unabebwa na upepo. Mpira ni mfuko wake tu. Upepo ukipungua au mzigo ukizidi, ubavu wa tairi hujikunja kupita kiasi kwa kila mzunguko, ndani kunachemka, na mpira huanza kubanduka kwenye nyuzi zake mapema sana kabla ya ule mlipuko ambao dereva atausingizia jiwe. Kwa hiyo soma ubavuni kabla ya kutazama meno. Tairi la 265/70R16 lenye namba ya mzigo 112 limeruhusiwa kubeba kilo 1,120. La ukubwa huohuo lililoundwa kwa kazi ya mizigo, lenye namba 121, hubeba kilo 1,450. Yakisimama ukutani yanafanana, lakini kilo 330 kwa kila gurudumu ndizo zinazotenganisha pikapu ya kwenda ofisini na pikapu ya kupeleka mapipa ya maji Dadaab. Herufi inayofuata ni ya mwendo: Q ni kilomita 160 kwa saa, R ni 170, S ni 180. Hakuna sababu ya kulipia zaidi ya Q. Kisha tafuta tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT: 1423 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2023. Jua huzeesha mpira hata usipotembea, na tairi la miaka sita lililoanikwa mbele ya duka ni kuukuu hata kama vinywele vyake vya kiwandani bado vimesimama.

Mpenzi wa meno makubwa atasema: na mvua je? Upande wa Ijara, mvua za masika zikinyesha, tairi laini halikufikishi popote. Ni kweli, na anayeishi Masalani na kusafiri mvuani ana haki ya kuyanunua. Lakini aijue bei yake. Meno marefu ni rundo la mpira mnene linalotikisika peke yake. Hutunza joto, na hutunza zaidi kadiri mwendo unavyoongezeka. Majuma machache ya tope yanalipiwa kwa miezi ya kuunguza mpira kwenye barabara kavu. Wengine watadai kwamba lami inayosukumwa katika njia ya Isiolo hadi Mandera, kilomita zipatazo 740, itamaliza mjadala huu. Mimi naona itauzidisha: palipokuwa na mwendo wa 50 patakuwa na mwendo wa 100, na mzigo hautapungua hata kilo moja. Hata mathenge, huo mti wa kuletwa uliotapakaa kando ya Tana na barabarani, una sehemu yake humu. Mwiba wake ukitoboa pancha ya wazi utashuka uzibe. Hatari ni ule unaovujisha kidogo kidogo, tairi likaendelea kukimbia likiwa limelegea, mpaka joto likamaliza kazi.

Kipimo cha kweli ni geji ya shilingi chache. Pima upepo alfajiri kabla ya kuondoka, kisha upime tena baada ya saa moja ya safari. Ukipanda paundi 4 hadi 6, tairi na mzigo vimepatana. Ukipanda zaidi, tairi linajikunja kupita kiasi: ongeza upepo kesho asubuhi, punguza mzigo au punguza mwendo. Madereva wengi hufanya kinyume, wakiukuta upepo umepanda mchana huutoa, na kwa kufanya hivyo wanaongeza kulekule kujikunja kulikoupandisha. Kwenye mchanga wa laga, yaani mto mkavu, kweli, toa upepo ili tairi litanuke. Ukivuka tu, pampu itoke nyuma ya kiti.

Rimu hazihitaji maneno mengi. Inchi 16, chuma, basi. Rimu ya chuma ikipinda fundi wa Habaswein ataigonga irudi. Ya aloi ikipasuka umekwama. Rimu kubwa zaidi hula ubavu wa tairi, na ubavu ndio unaomeza shimo. Anayependa tairi la tyubu la 7.50R16 ana hoja, kwani hulifungua kwa vyuma viwili na kubandika kiraka popote; akumbuke tu kwamba tyubu nayo husuguana na tairi na kuongeza joto. Na usizitokeze rimu nje kwa ajili ya urembo, maana beringi zitalipa. Kuna udhuru mmoja: tangu Land Cruiser 79 ibadilishwe mwaka 2007, magurudumu yake ya nyuma yamekaribiana zaidi kuliko ya mbele kwa takriban senti­mita 9 na nusu, hivyo mchangani ya nyuma hujichimbia njia yake. Hilo linarekebishwa kwa rimu za nyuma zenye vipimo sahihi, zisizoongezewa vipande vya katikati.

Shokomzoba ndizo zinazodharauliwa kuliko kitu chochote. Kazi yake yote ni kugeuza mtikisiko kuwa joto, na barabara yenye makunyanzi huitikisa mfululizo mpaka mafuta ya ndani yanatoa povu na gari linaanza kuelea. Nunua yenye mwili mnene, mafuta mengi na gesi. Kuipima ni rahisi: baada ya kipande kibaya cha barabara, sogeza mkono karibu na kila moja bila kuishika. Zenye joto zinafanya kazi. Iliyo baridi imekufa, hata kama rangi yake bado inang'aa.

Springi zifuate mzigo unaobebwa siku nyingi, wala si ule wa siku moja kwa mwezi. Mafundi wengi huongeza majani yaliyotolewa kwenye lori. Gari likirudi tupu linarukaruka, tairi linapigwa na chasisi inachoka. Wapo watakaotetea kuinua gari kwa kutaja mafuriko ya El Niño ya mwaka 2023, barabara ya Garissa ilipokatika Kona Punda kule Mororo. Maji yale yalikuwa yakienda kwa nguvu, na gari lililoinuliwa sentimita tano husombwa kama lisiloinuliwa. Sentimita tano zinatosha kupita juu ya mawe. Zaidi ya hapo ni kuongeza uwezekano wa kupinduka.

Mwenye fedha za kitu kimoja anunue matairi manne yenye namba sahihi ya mzigo, na la akiba la tano la aina ileile. Za pili ziende kwenye shokomzoba. Rimu za urembo zingoje.