Nani Atatugawia Mawe Yetu?

Hapa Katoro ukishuka duarani, mgao unaujua kabla hujashika moko. Mwenye duara ana mifuko yake, apolo ana yake. Mtagombana, sawa, lakini hesabu iko wazi. Je, sisi waandishi?

Tuseme kweli, Serikali haijakaa kimya. BASATA ilizaliwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984 ili kukuza sanaa. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 ikamlinda mtunzi. Mwaka 2023 Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ikatolewa kwa mara ya kwanza, kwa riwaya na ushairi. Naisifu tuzo hiyo, maana inampa nafasi hata asiye na jina.

Lawama yangu ni moja: utetezi wetu unapenda jukwaa kuliko mkataba. Mshindi anapigiwa makofi; aliyeshindwa anarudi nyumbani na mswada wake, na nani anamfundisha kusoma mkataba kabla hajasaini? Mimi niliwahi kumkabidhi mtu hadithi yangu kwa ahadi ya mdomo tu. Mpaka leo sijaiona hadithi wala hela. Sheria ilikuwepo, mimi ndiye sikuijua.

Basi maafisa utamaduni washuke huku na mkataba wa mfano, kwa Kiswahili chepesi. Na sisi vijana tusingoje. Tunasomeana miswada, tusomeane na mikataba. Apolo asiyejua mgao wake, ndugu zangu, huishia kubeba mawe ya wenzake.