Wanaowageuza Wagonjwa

Malori yamepanga foleni forodhani Rusumo, upande wa Tanzania. Juu kilimani, mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaegemeza baiskeli mgombani. Ndani ya nyumba yumo mgonjwa wa saratani aliyerudi kufia kwao. Hospitali ya Bugando, Mwanza, ni mbali.

Mhudumu anawafundisha ndugu kumgeuza kila baada ya saa mbili, mgongo usichubuke. Kidonda kinachonuka hukinyunyizia unga wa metronidazole. Morfini ya maji ni kila baada ya saa nne, pamoja na dawa ya kulainisha choo (wengi husahau hiyo). Wakimwomba asali nao, husali. Wakimuuliza kama Mungu ataponya, hasemi kwa niaba ya Mungu. Humuuliza mgonjwa anaumwa wapi.

Mpango wa taifa wa wahudumu hawa ulizinduliwa Januari 2024. Wengi walianza zamani, kwa kujitolea.