Nyoka wa Syokimau, maji ya Kinjeketile

Kutoka Pipeline hadi Syokimau si mbali, bora tu Mombasa Road isiwe imekwama. Wengi wetu tunalijua jina hilo kwa sababu ya treni. Stesheni ilifunguliwa Novemba 2012, na tangu 2017 abiria wa SGR wa kwenda Mombasa wanapandia huko huko. Kwamba Syokimau alikuwa mtu, tena mwanamke, mwonaji wa Wakamba kutoka milima ya Iveti kule Machakos katika karne ya 19, hilo wengi hulisikia baadaye, kama trivia.

Inasimuliwa kwamba aliona watu wenye ngozi kama nyama mbichi, wanaoongea kama ndege na kubeba moto mfukoni. Akaona na nyoka mrefu anayetema moshi akija kutoka baharini. Reli ilianza kujengwa Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Basi stori ikafungwa hapo: bibi alitabiri reli, bibi akapewa stesheni.

Mimi hapo ndipo nashikwa na shaka. Ukimkuta nyoka kwa keja yako hupigi makofi. Wanandi nao wanasimulia utabiri wa nyoka huyo huyo, wa Kimnyole, orkoiyot wao ambaye waliishia kumuua wenyewe. Mwanawe Koitalel aliongoza mapambano dhidi ya Waingereza na reli yao hadi alipopigwa risasi 1905. Kwa Wanandi, nyoka alimaanisha adui. Sisi tumemgeuza kuwa maendeleo, tukamwekea tiketi, na hakuna aliyesimama kuuliza nani alituruhusu kusoma ndoto ya mwenzetu hivyo.

Ndiyo maana nimerudi kwa Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyotoka 1969. Naisoma usiku, ghorofa ya sita, dirisha langu likitazama ukuta wa ploti jirani. Kisa chenyewe kimetokana na Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga ambaye maji yake yaliwaunganisha watu wa kusini mwa Tanganyika dhidi ya Wajerumani na mashamba yao ya pamba ya lazima. Wajerumani walimnyonga Agosti 1905, wakati vita vya Maji Maji ndiyo kwanza vimeanza. Hussein mwenyewe anasisitiza kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha kisanaa, na uhuru huo anautumia vizuri.

Anachofanya ni hiki: ugomvi wa tafsiri anauingiza ndani ya mwonaji mwenyewe. Kinjeketile anarudi kutoka mtoni na maji, watu wanafurahi, halafu anaanza kuchambua alichoambiwa na Hongo. Mjerumani ataondoka, sawa, lakini wao watakuwa watoto wa Seyyid Said. Yaani wanatoka kwa bwana mmoja kwenda kwa mwingine? Anataka wangoje. Watu hawataki kungoja. Wameshasikia walichotaka kusikia. Kitunda, mpiganaji, anajua kwamba umoja walioupata una nguvu kuliko dawa yoyote, na bado hawezi kuwazuia. Kuanzia hapo maono si ya Kinjeketile tena, na nadhani hakuna mwandishi wa Kiswahili aliyeonyesha vizuri zaidi jinsi neno linavyomtoroka mwenyewe.

Mwisho ndio unaonikosesha usingizi. Watu wamekufa, yeye yuko kifungoni, Kitunda anamsihi aseme maji yalikuwa uongo. Anakataa. Akikiri, vizazi vijavyo vitaambiwa kwamba kupigana kwenyewe kulikuwa kosa. Kila nikisoma hapo nabadilisha upande. Leo naona ni ushujaa, kesho naona ni mtu anayewatolea hesabu wafu ambao hakuwauliza. Hussein hatusaidii kuchagua, na namshukuru. Nina lalamiko moja: tamthilia inafunguka kwa wanawake wakizungumzia njaa, na baadaye nilitamani kuwasikia zaidi wakibishana kuhusu maji, kwa sababu ni wao waliokuwa wanahesabu unga.

Hapa Pipeline, ambako mtungi wa maji unauzwa na maji ya baraka yanauzwa mtaa huo huo, wa spika zikivuma Jumapili nzima, swali hilo si la maktaba.

Nilimuuliza mama mboga wetu, mtu wa Mwala, nyoka wa Syokimau alikuwa nini. Akaendelea kukata sukuma.

“Alikuwa anawaambia watu wajihadhari. Walioandika ndio walisema alikuwa anatangaza.”

“Na wewe treni unapanda, mama?”

“Ya Embakasi? Napanda. Mvua ikinyesha makanga wanapandisha nauli, utafanya?”