Seli Isiyo na Mbadala

Bibi wa miaka 80 ana seli za neva zenye miaka 80. Jambo hili limepimwa. Majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliyofanyika angani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 yaliongeza kaboni-14 hewani. Kaboni hiyo ikaingia kwenye mimea, kisha kwenye chakula, na mwishowe kwenye DNA ya kila seli iliyozaliwa wakati huo. Mwaka 2005, Jonas Frisén na wenzake wa Taasisi ya Karolinska, Uswidi, waliitumia alama hiyo kupima umri wa seli za binadamu. Seli za utumbo na za misuli zilikutwa changa kuliko mwenyewe. Seli za neva walizozichukua kwenye gamba la nyuma la ubongo zilikuwa na umri uleule wa mwenye ubongo.

Seli ya ngozi ikichakaa hubanduka, nyingine ikashika nafasi yake. Seli inayogawanyika, hata ikibeba uchafu, hupunguza mzigo kila inapogawanyika kwa kuwa kila upande unaondoka na sehemu yake. Seli ya neva haina njia hizo mbili. Haigawanyiki, na ikifa, aghalabu hakuna wa kuirithi. Homa zote za utotoni, njaa, usiku wa kukesha, dakika ambazo damu haikufika vizuri, yote hayo huipitia seli moja ileile, na siku ya pili inatakiwa ikumbuke jina la mjukuu. Kwa hiyo ufundi wake mkubwa ni utunzaji, na kinachotunzwa zaidi ni protini.

Protini huanza kama mnyororo wa asidi amino, kisha mnyororo hujikunja na kupata umbo, na umbo ndilo kazi. Christian Anfinsen wa Marekani alipata Nobeli ya Kemia mwaka 1972 kwa kuonyesha kwamba kimeng'enya kiitwacho ribonyuklease, kikikunjuliwa kabisa ndani ya chupa ya maabara, kinaweza kujikunja upya bila msaada. Lakini ndani ya seli hakuna nafasi ya chupa. Protini zimesongamana, zinagusana kila mahali, na vifungo vinavyolishika umbo ni dhaifu kuliko mtu anavyodhani. Joto likipanda nyuzi chache tu juu ya 37, baadhi ya protini hulegea. Sehemu zake zinazokwepa maji, ambazo kwa kawaida hufichwa ndani, hujitokeza nje na kunata kwenye chochote chenye hali kama hiyo. Hapo ndipo madonge huanza.

Mtu wa kwanza kuona seli ikijitetea dhidi ya hali hiyo aliiona kwa sababu ya kabati la maabara. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 huko Napoli, Ferruccio Ritossa alikuwa akichunguza kromosomu za tezi za mate za mabuu ya nzi wa matunda. Mwenzake mmoja akaongeza joto la kabati walimokuwa wakitunza sampuli. Ritossa alipotazama kwenye hadubini, alikuta kromosomu zimevimba mahali ambapo hazikuwa zikivimba, ishara ya jeni zilizoamshwa ghafla. Jarida moja lilikataa makala yake, lingine likaichapisha mwaka 1962. Ilipita zaidi ya miaka kumi kabla Alfred Tissières na wenzake hawajaonyesha, mwaka 1974, kwamba uvimbe ule uliambatana na kutengenezwa kwa protini maalumu. Leo tunaziita protini za mshtuko wa joto, na kwa kuwa nyingi hulea protini nyingine, tunaziita pia protini walezi.

Mashuhuri kati yake ni Hsp70. Ina mfereji wenye kifuniko. Msaidizi wake wa kundi la protini J humletea mnyororo uliolegea, ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, inavunjwa, kifuniko kinafunga juu ya kipande kifupi cha mnyororo huo, asidi amino 5 hadi 7 hivi, zile zinazokwepa maji. Mnyororo umeshikwa, hauwezi tena kunata kwenye jirani. Kisha msaidizi mwingine anakuja kutoa mabaki ya ATP, kifuniko kinafunguka, mnyororo unaachiwa ujaribu tena kujikunja wenyewe. Ukishindwa, unashikwa tena.

Mimi navutiwa sana na kile ambacho Hsp70 haifanyi. Haiijui protini inayoishika wala umbo lake sahihi, na haikunji chochote. Inafanya kama mvuvi anayefumua wavu uliojisokota: hakati uzi wala havuti kwa nguvu, analegeza fundo moja, anauachia wavu uanguke wenyewe, kisha anatazama. Protini ngapi tofauti zinapita kwenye mfereji ule mmoja, kila moja na umbo lake, na mlezi hahitaji kujua zaidi ya jambo moja, kwamba kilichotakiwa kufichwa kimejitokeza nje.

Je, mnyororo usioweza kupona unajulikanaje? Hapa kuna ujanja mwingine. Kwenye mkia wa Hsp70 kuna nafasi moja inayogombewa na wengi. Akishika mmoja, mteja, yaani mnyororo uliolegea, anapelekwa kwa mlezi mwingine, Hsp90, kukamilishiwa umbo. Akishika mwingine, protini iitwayo CHIP, mteja anabandikwa mnyororo wa ubikwitini, na mwenye alama hiyo huingizwa kwenye protiasomu, pipa dogo lenye meno ndani, akatoka vipande vifupi. Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose walipewa Nobeli ya Kemia mwaka 2004 kwa kuugundua mfumo huu wa ubikwitini. Hakuna mkaguzi anayesimama pembeni na orodha. Protini inayokawia mikononi mwa mlezi, ikishikwa na kuachiwa mara nyingi, inazidi kujiweka kwenye nafasi ya kukutana na CHIP. Muda wenyewe ndio unaohukumu. Nayo hukumu hiyo ina uzito, maana watu wanaorithi jeni ya CHIP iliyoharibika kutoka kwa wazazi wote wawili wanaweza kupata ugonjwa wa serebela: mwendo unayumba, ulimi unakuwa mzito.

Haya yote yanafanyika katika karibu kila seli. Sasa tuingie kwenye neva, na hapo mambo yanageuka.

Mtu angetarajia kwamba seli yenye thamani kubwa hivi ndiyo ingekuwa ya kwanza kuamsha jeni za mshtuko wa joto. Sivyo. Mwaka 2003, watafiti wa Montreal, Kanada, katika maabara ya Heather Durham, walionyesha kwamba seli za neva zinazoendesha misuli zina kizingiti cha juu mno: zinapashwa joto, na Hsp70 ya dharura haitengenezwi, wakati seli nyingine, zikiwemo seli za glia zinazozizunguka, huitikia upesi. Wengine huusoma ukweli huu kama udhaifu, na kweli huenda unachangia seli hizo kufa mapema katika magonjwa ya neva za misuli. Lakini naona pia mpango ndani yake. Itikio la dharura husimamisha kazi nyingine, na neva inayoiendesha misuli ya kupumua haina ruhusa ya kusimama. Badala ya kungoja dharura, neva huweka akiba kubwa ya ndugu wa Hsp70, aitwaye Hsc70, wakati wote, kuwe na shida au kusiwe.

Tena huazima. Ngisi ana akzoni moja, uzi mrefu wa seli ya neva, nene ajabu, unene unaoweza kukaribia milimita moja, na kwa sababu hiyo wanasayansi wameipenda kwa miaka mingi. Mwaka 1986, Michael Tytell na wenzake waliripoti kwamba protini za aina ya mshtuko wa joto zinazotengenezwa na seli za glia zinazoizunguka akzoni hiyo hupenya na kuingia ndani yake. Neva haikuzitengeneza, imezipokea kwa jirani.

Katika mnyoo mdogo wa udongoni aitwaye C. elegans, mwenye seli za neva 302 tu, uhusiano huu unakwenda upande wa pili. Veena Prahlad na Richard Morimoto walichapisha mwaka 2008 kwamba neva mbili tu zinazohisi joto, ziitwazo AFD, zikizimwa, seli za mwili mzima hushindwa kujitetea vizuri joto linapopanda. Kumbe hata seli za utumbo hazijiamulii peke yake.

Kuna pia kazi ya kupunguza mzigo kabla haujafika. Protini zikianza kurundikana ndani ya mitandao ya utando ambamo hukunjwa, kihisi kiitwacho PERK hubana kiungo kimoja cha mitambo ya kutafsiri jeni, na ribosomu zinapunguza kasi. Protini mpya zinakuwa chache, walezi wanapata nafasi. Peter Walter wa San Francisco na Kazutoshi Mori wa Kyoto ndio wanaojulikana zaidi kwa kuzifuatilia ishara za kituo hiki cha kukunjia. Breki hii ni nzuri ikishikwa kidogo. Mwaka 2012, Giovanna Mallucci na wenzake huko Leicester walionyesha kwamba katika panya wenye ugonjwa wa prioni, yaani protini zilizopinda zinazopindisha nyingine, breki hubaki imekanyagwa. Sinapsi, yaani maungio ya neva, zinakosa protini zinazohitaji kila siku, na neva zinakufa. Walipoilegeza, neva zikanusurika, ingawa prioni zenyewe zilikuwa bado zinaongezeka.

Kisha kuna umbali. Neva inayokichezesha kidole cha mguu ina mwili wake kwenye uti wa mgongo na akzoni inayoweza kufika urefu wa mita moja. Uchafu unaozaliwa kule mwisho, kwenye msuli, utasafishwa na nani? Maabara ya Erika Holzbaur huko Pennsylvania ilitazama jambo hili kwa hadubini mwaka 2012. Mifuko ya utando inajiunda kwenye ncha ya akzoni, inafunika protini mbovu na mitokondria zilizochoka, kisha inaanza safari ya kurudi, ikibebwa na protini tembezi juu ya reli za mikrotubuli. Njiani mifuko hukutana na lisosomu, ikawa na asidi, ikaanza kumeng'enya shehena yake ingali safarini. Mwendo ni kama nusu ya mikromita kwa sekunde. Piga hesabu ya mita moja: zaidi ya wiki tatu. Ndani ya mguu wa mtu aliyeketi, safari hizo zinaendelea bila kukatika.

Kwenye sinapsi yenyewe amewekwa mlezi wa zamu, CSPα, kwa sababu msaada kutoka mbali ungechelewa. Panya wasio na mlezi huyu huzaliwa wakionekana wazima, kisha baada ya wiki chache sinapsi zao zinaanza kuoza. Mwaka 2005, Sreeganga Chandra na Thomas Südhof walitoa habari iliyoshangaza wengi: panya hao wakiongezewa protini ya alfa-sinukleini, wanapona. Ni protini ileile inayoganda katika ugonjwa wa Parkinson, ndani ya vidonge ambavyo Friedrich Lewy alivieleza mwaka 1912. Msaidizi wa sinapsi na donge la ugonjwa ni protini moja, umbo likiwa tofauti. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2008, ulikuta kwamba wengi wa waliokuwa na Parkinson hawakuwa wamewahi kutambuliwa kabla ya hapo. Huenda baadhi yao walikuwa wakitetemeka nyumbani na watu wakisema ni uzee.

Donge nalo halistahili kulaumiwa kwa haraka. Steven Finkbeiner na wenzake wa San Francisco, mwaka 2004, walizifuatilia neva zenye protini ya ugonjwa wa Huntington moja moja, siku baada ya siku, kwa hadubini inayojiendesha. Zilizokusanya protini hiyo kwenye donge kubwa moja zilidumu kuliko zilizoiacha imetapakaa. Kisichotengenezeka wala kusagika kinaweza, angalau, kuwekwa pembeni.

Mnyoo wetu anaweza pia kukitupa. Kundi la Monica Driscoll wa Chuo Kikuu cha Rutgers liliripoti mwaka 2017 kwamba neva zake za mguso, zikielemewa, husukuma nje mfuko mkubwa wa kama mikromita 4 wenye madonge na mitokondria, na tishu ya jirani huumeza na kujaribu kuumeng'enya. Neva zilizotupa zilifanya kazi vizuri kuliko zile ambazo hazikutupa. Njaa huongeza utupaji huo. Nimeitazama mara nyingi picha ya neva hiyo na mfuko wake ukiwa bado umeshikiliwa na uzi mwembamba, na kila mara naona utulivu wa kazi iliyofanywa kwa kiasi.

Kilichobaki ni kulifumua donge lenyewe. Mwaka 2020 watafiti wa Heidelberg, katika maabara ya Bernd Bukau, walieleza jinsi Hsp70 inavyofanya kazi hiyo kwenye nyuzi za alfa-sinukleini, ikisaidiwa na DNAJB1, mmoja wa wasaidizi wa kundi la J, na protini ya kundi la Hsp110. Hsp70 moja haifui dafu. Zinaletwa nyingi na kubananishwa mahali pamoja juu ya uzi, na kule kubanana kwenyewe, kila moja ikitafuta nafasi, ndiko kunakoung'oa uzi kipande kwa kipande. Mwaka huohuo, kundi la Carmen Nussbaum-Krammer katika mji uleule lilionyesha upande mgumu wa kazi hiyo: vipande vilivyokatika bila kumalizika kufumuliwa vinaweza kusambaa na kuanzisha madonge mapya. Walipopunguza Hsp110 katika minyoo yao, usambaaji ulipungua, na sumu nayo ikapungua. Anayetaka kutengeneza dawa ya kuwaongeza walezi hawa ana kazi ya kujua kwanza neva ipi, katika saa ipi ya ugonjwa, bado inaweza kuifikisha kazi hiyo mwisho.